Taa za chini ya maji kwenye boti ya Mtera: betri iliyokuwa ikiisha taa zikiwa zimezimwa

Boti yenyewe ni ya faiba, urefu wa mita 6, ina injini ya nyuma ya HP 40 inayowashwa kwa ufunguo. Inafanya kazi Bwawa la Mtera, upande wa Mpwapwa. Wateja wake wengi ni watu wanaokatisha safari ya Dodoma–Iringa ili wale samaki na kuzunguka kidogo majini kabla jua halijazama. Mwenye boti alitaka biashara isiishie magharibi: boti itie nanga karibu na ufukwe, wageni wale wametulia, na maji ya nyuma yang'ae. Akaagiza Kariakoo taa mbili za LED za kuzama majini, za buluu, wati 36 kila moja, volti 12. Zilikuja kwa basi. Boti ikapandishwa kwenye trela hadi gereji moja ya Dodoma mjini, fundi umeme wa magari akazifunga, ikarudi bwawani.

Malalamiko yaliyofuata yalikuwa manne, na kwa kuwa hayakufika siku moja, hakuna aliyeyaunganisha. Taa hazikung'arisha maji: ukisimama tezi, yaani nyuma ya boti, uliona vidoa viwili vya buluu vimeng'ang'ania ubao wa boti, na cha kulia kimefifia kuliko cha kushoto. Betri ya Ah 70 (ampea-saa 70) ilikuwa inakufa boti ikikaa bila kazi wiki mbili tatu, ingawa taa zimezimwa. Ngama, pale chini ndani ya boti maji yanapojikusanya, haikuwa inakauka. Kila asubuhi kulikuwa na maji, si mengi, lakini hayakosi. La nne mwenye boti alilitaja kwa kupita tu: rangi ya mguu wa injini, ile sehemu inayozama majini, imeanza kutoa malengelenge.

Hukumu ya pale bwawani ilikuwa moja kwa yote. Taa ni feki. Dawa ni kununua za wati 100.

Aliponipigia simu hakutaka ushauri juu ya hilo, alitaka tu kujua kama waya uliopo utahimili.

"Shikamoo mzee wangu. Hizo za sasa zikiwaka, zinapata volti ngapi?"

"Marahaba. Volti nitazijuaje mimi? Nguvu hazina, ndilo ninaloona."

"Basi usitume hela kwanza. Nitakuja na mita, na wewe unitafutie sahani nyeupe na kamba."

Sahani ndicho kipimo cha kwanza, na ningemshauri yeyote anayetaka taa za namna hii aanze nacho kabla hajafungua hata tangazo la duka. Unaifunga kamba, unaning'iniza jiwe chini yake, unaizamisha mchana ukiwa upande wa kivuli, na kuangalia inapotea kwenye kina gani. Ilikuwa Machi. Sahani ilipotea kabla ya nusu mita. Hilo si ajabu kwa Mtera: bwawa linapokea Ruaha Mkuu, Ruaha Mdogo na Kisigo, mito inayopita kwenye nchi kavu yenye udongo mwepesi kubebwa, na mvua za katikati ya nchi hunyesha kwa mkupuo mmoja kati ya Desemba na Aprili. Kipindi hicho maji ni ya rangi ya udongo. Kiangazi hutulia, sahani huonekana chini zaidi, lakini usitegemee maji ya Pemba.

Sasa fikiria safari ya mwanga. Unatoka kwenye taa, unapita kwenye maji, unagonga chembe, unarudi juu mpaka kwenye jicho. Maji yenye chembe nyingi humwaga mwanga huku na huku mita chache za mwanzo, kwa hiyo ukiongeza wati unachopata ni doa lile lile, limezidi kung'aa. Ni kama kuwasha taa kubwa za gari kwenye ukungu: unaumiza macho, barabara huioni. Zile picha za yoti iliyozungukwa na duara kubwa la buluu hupigwa kwenye bahari safi, na huko buluu ndiyo rangi inayokwenda mbali kuliko zote. Kwenye maji ya bwawa mambo hugeuka. Mabaki ya majani na mimea yaliyoyeyuka majini humeza buluu kwanza. Kijani husafiri vizuri zaidi, na tena jicho la mtu gizani huikamata kijani kwa urahisi kuliko buluu, kwa hiyo kwa wati zile zile taa ya kijani huonekana ina nguvu. Mwenye boti alikuwa amenunua rangi nzuri kwa maji ya mwingine.

Kosa la pili la mwanga lilikuwa la mahali. Taa zilifungwa boti ikiwa juu ya trela, na juu ya trela hakuna mstari wa maji. Fundi alikisia, akaziweka chini karibu na mwisho wa ubao wa tezi, "ili zizame vizuri". Boti ilipobeba mafuta na watu, zikawa zaidi ya sentimita 40 chini ya uso wa maji. Kwenye maji ya sahani inayopotea kabla ya nusu mita, hicho ni kina cha kuzika taa. Ilitakiwa boti ishushwe kwanza, ipakiwe kama inavyopakiwa siku ya kazi, mstari wa maji uchorwe kwa kalamu ya nta, halafu ipandishwe. Sentimita 15 hadi 25 chini ya mstari huo zinatosha. Zile taa pia zilikuwa zimekaribia mno propela, na mapovu yake nayo huvuruga mwanga injini ikizunguka.

Kuhusu taa ya kulia kufifia, mita ilimaliza ubishi haraka. Kwenye betri, taa zikiwaka, volti 12.4. Kwenye waya wa taa ya kushoto 11.6. Kulia 11.2. Taa mbili za wati 36 huvuta takriban ampea 6 kwa pamoja. Betri iko chini ya kiti cha usukani, na waya wa milimita mraba 1.5 ulitambaa mita 5 kwenda na 5 kurudi. Shaba ya unene huo kwa mita 10 ina ukinzani wa kama omu 0.12, ambao kwa ampea 6 unakula volti 0.7. Viungo vilivyosokotwa kwa mkono na kufungwa utepe vikala kilichobaki, na cha kulia kikala zaidi kwa sababu kilikuwa kimeoza. Taa za bei ya juu zina saketi ndani inayorekebisha umeme, zinaweza kuvumilia hali hiyo bila wewe kugundua. Hizi zilikuwa na rezista tu, volti ikishuka nazo hushuka. Kwa waya wa milimita 4, upotevu kwenye njia ile ile ni kama volti 0.26.

Waya wenyewe ulikuwa wa nyumba, ule wa uzi mmoja mgumu. Ukutani hauna neno. Kwenye boti inayotetemeka siku nzima huchoka na kukatika ndani kwa ndani, ganda likiwa zima. Boti inataka waya wa nyuzi nyingi nyembamba, na ukipata uliopakwa bati kila uzi, chukua huo, kwa sababu shaba tupu hunyonya unyevu kama utambi na kugeuka nyeusi sentimita nyingi kutoka kwenye kiungo.

Hadi hapo ni mambo ya kawaida. Kilichonikalisha chini ni betri.

Nilitoa waya wa chanya kwenye kichwa cha betri, nikapitisha mita katikati ikipima ampea, swichi zote zikiwa zimezimwa. Ilitakiwa nione sifuri au karibu na sifuri. Niliona miliampea 50. Ni kidogo, hata balbu ya tochi haiwaki vizuri kwa hizo. Lakini ndani ya saa 24 hizo ni Ah 1.2, kwa wiki Ah 8.4, na kwa wiki tatu za msimu mbovu ni Ah 25 zilizotoka bila mtu kugusa kitu. Betri ya Ah 70 ambayo haikuwa imejaa tangu mwanzo haiwezi kupoteza hizo na bado ikasukuma stata ya HP 40.

Tukafua maji yote ya ngama, tukakausha kwa tambara. Mita ikashuka hadi karibu na sifuri. Nikamwomba kijana wa boti arudishe ndoo moja ya maji yale yale. Ikapanda tena.

Sababu ilikuwa swichi. Fundi wa gereji aliiweka upande wa hasi. Simlaumu sana, ndivyo alivyofundishwa na magari: honi na taa za milango kwenye magari mengi hukamilishwa kwa kugusisha hasi, na bodi nzima ya gari ni hasi, kwa hiyo ukikata hasi taa inazimika na kazi imeisha. Lakini kwenye gari bodi haijazama ziwani. Hapa, kukata hasi kulimaanisha chanya inabaki imejaa volti 12 muda wote, kuanzia betri, kupitia fyuzi (ambayo, hata hivyo, haikuwapo), kupitia kiungo cha utepe kilicholala ndani ya ngama, mpaka ndani ya taa iliyozama. Taa imezimika kwa macho, umeme uko pale pale.

Maji yakigusa kiungo hicho yanapata njia mbili. Moja ni fupi, kurudi kwenye waya wowote wa hasi uliolowa karibu yake. Nyingine ni ndefu, na ndiyo iliyoeleza malengelenge ya rangi: umeme unapita kwenye maji ya ngama hadi kizibo cha shaba cha kutolea maji, unatoka nje ya kizibo kuingia bwawani, unafika kwenye mguu wa injini, na mguu umeungwa na hasi ya betri kwa sababu injini ni ya kuwasha kwa ufunguo. Saketi imefungwa, boti imeegeshwa, kila mtu amelala. Pale umeme unapotoka kwenye metali kuingia majini, metali huliwa. Tulipofungua kizibo, uso wake wa nje ulikuwa na vitundu na rangi ya waridi, uso wa ndani mzima. Kiungo cha chanya kilikuwa unga wa kijani. Mguu wa injini ulikuwa upande wa kupokea, na alumini ina ukaidi wake: hata kupokea kupita kiasi kunaiharibu, maji yanayoigusa hugeuka kuwa makali kama magadi na rangi kuinuka.

Watu wengi hudhani kuliwa kwa namna hii ni habari ya chumvi, ya Dar na Tanga. Maji baridi hupitisha umeme kwa shida zaidi, hilo kweli, kwa hiyo mambo huenda polepole. Polepole kwa miezi inatosha. Na kuna jambo la ziada kwa boti za maziwa na mabwawa: kile kipande cha kujitoa kafara kilichofungwa kwenye mguu wa injini ili kiliwe badala yake, ambacho mafundi wote hukiita zinki, mara nyingi ni zinki kweli, na zinki kwenye maji baridi hujifunika tabaka gumu ikaacha kufanya kazi. Boti ya Mtera inataka cha magnesiamu, au cha alumini. Kile cha boti hii kilikuwa kama kipya baada ya muda mrefu majini. Mwenye boti alikionyesha kwa fahari. Kipande hicho kikibaki kizima huku mguu ukiharibika, hakijafanya kazi yake.

Maji ya ngama nayo yalikuwa na chanzo kwenye kazi ile ile. Ubao wa tezi wa boti nyingi za faiba una plaiwudi ndani, imefunikwa faiba pande mbili. Skrubu za taa na tundu la waya vilitobolewa moja kwa moja hadi kwenye plaiwudi, vikazibwa kwa silikoni ya bafuni. Silikoni ile haishiki vizuri kwenye faiba iliyo chini ya maji, na ikishapaka mafuta yake pale, gundi nyingine itakayofuata nayo hukataa kushika mpaka usafishe hadi kwenye faiba tupu. Nilipogonga kwa mpini wa nyundo, upande wa kushoto ulilia mkavu. Kulia, kuzunguka tundu, mlio ulikuwa mzito. Plaiwudi imekunywa.

Kwa hiyo boti ilirudi Dodoma, si kwa ajili ya taa tena, kwa ajili ya ubao. Hapa hali ya hewa yetu ilisaidia na kukwamisha kwa wakati mmoja. Mvua zilipokatika, hewa kavu ya mjini ilikausha plaiwudi vizuri, boti ikiwa chini ya banda na matundu yameachwa wazi. Lakini gundi ya poliyurethani, ile 3M 4200 tuliyotumia, hukauka kwa kunyonya unyevu wa hewa. Kiangazi cha Dodoma hakina unyevu wa kumgawia mtu. Muda ulioandikwa kwenye tyubu ni wa hewa yenye unyevu. Hapa subiri zaidi, na siku ya kazi mwagia maji sakafu ya banda ili hewa ya chini ilowe kidogo. Usichukue 3M 5200 kwa kudhani namba kubwa ni bora. Hiyo ni ya kudumu, siku taa ikifa utaing'oa pamoja na kipande cha boti.

Matundu ya zamani yalipanuliwa kwa drili, plaiwudi ikachokolewa kidogo pembeni, yakajazwa epoksi iliyokorogwa na unga wake wa kukaza. Yalipokuwa magumu ndipo skrubu zikatobolewa upya katikati ya epoksi, ili hata maji yakipenya yakutane na kitu kisichooza. Faiba ikapigwa msasa, ikafutwa kwa asetoni. Skrubu hazikukazwa mpaka mwisho. Ukikaza kwa hasira unaikamua gundi yote nje na kubakiza chuma kwa faiba. Waya wa kila taa haukupitishwa nyuma ya taa. Ulipandishwa nje ya ubao chini ya kifuniko cha plastiki na kuingia ndani juu ya mstari wa maji, ukiwa na kitanzi kinachoning'inia kabla ya tundu ili matone yadondokee nje. Kwa macho si kazi nzuri sana. Kwa boti inayolala majini peke yake, napendelea ubaya wa namna hiyo.

Taa mpya ni za kijani, wati zile zile 36, zimeandikwa IP68, maana yake zinaruhusiwa kuzama mfululizo kwa kina anachotaja mtengenezaji. IP67 ni nusu saa kwenye mita moja, nzuri kwa gari linalovuka korongo. Viungo vyote viko juu, vimebanwa kwa koleo na kufunikwa mpira unaosinyaa kwa moto wenye gundi ndani. Fyuzi ya ampea 10 iko ndani ya shubiri moja kutoka kwenye betri. Swichi imekaa kwenye chanya.

Mwenye boti hakuacha habari ya wati 100 kirahisi. Tukaipiga hesabu mbele yake. Taa mbili za wati 100 huvuta karibu ampea 17. Betri ya Ah 70 ukitumia nusu yake, ambayo ndiyo heshima ya betri ya kawaida ya asidi, una Ah 35, yaani saa mbili na kidogo, na betri hiyo hiyo ndiyo inayotegemewa kuwasha injini gizani kwenye bwawa lenye viboko na mamba. Za wati 36 zinakwenda saa tano na zaidi. Alinyamaza, akauliza bei ya betri ya pili. Sasa taa zina betri yake, haikuunganishwa na injini hata kwa hasi, na huchajiwa nchi kavu na paneli ya wati 100. Hilo limevunja pia ile njia ndefu ya umeme kupitia mguu wa injini.

Masharti ya matumizi nilimwandikia kwenye karatasi, na kijana wa boti ndiye aliyeyasoma kwa makini kuliko mwenyewe. Taa zizimwe boti ikianza kutembea. Taa za usalama usiku ni nyekundu kushoto, kijani kulia na nyeupe nyuma, na mwanga mwingine wowote unaoweza kuwachanganya wenye mitumbwi hautakiwi. Mkaguzi wa TASAC, shirika linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, akiuliza, jibu liwe swichi mbili tofauti. Zisiwashwe boti ikiwa nje ya maji. LED zenye nguvu hupoozwa na maji yaliyozizunguka, hewani zinaweza kuungua ndani ya dakika chache, na Mtera hili si la kinadharia: kati ya bwawa likijaa, mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na kiwango cha chini cha mita 690 ambapo mitambo ya kufua umeme husimama, ufukwe ulio tambarare huhama mbali sana. Boti iliyoelea jioni ya Mei inaweza kukaa matopeni Oktoba ikiwa imelalia taa zake. Na kwa kuwa mwanga huvuta wadudu, wadudu wakavuta samaki, afisa uvuvi aambiwe mapema taa ni za nini, kabla wavuvi wa jirani hawajamwambia kwa namna yao. Mgeni yeyote asitumbukize mkono kushika samaki waliokusanyika. Hilo la mwisho alilipigia mstari mwenye boti mwenyewe.

Jioni ya kwanza kiangazi, nyuma ya boti kulikuwa na duara la kijani la mita mbili hivi kutoka kila taa. Si yoti ya kwenye tangazo. Wageni walipiga picha, na hilo ndilo alilokuwa akilitaka.

Mguu wa injini umepigwa msasa na kupakwa rangi ya msingi ya alumini, kipande cha magnesiamu kimefungwa, kizibo kimebadilishwa. Ubao wa tezi upande wa kulia utagongwa tena kwa mpini wa nyundo kabla ya mvua za Desemba, na mlio ukiwa bado mzito, faiba ya ndani itakatwa na plaiwudi ile kutolewa.